Nilimtia Jirani Yangu Katika Wimbo wa Herufi

Mpendwa mshauri, assalaam alaikum. Nakuandikia kwa aibu, naomba unisaidie maana mwenyewe akili imeniishia. Mimi ni mwalimu wa chuo hapa Kirongwe, Mafia, mwaka wa kumi na tisa sasa nafundisha watoto Kurani, na tangu serikali ya Wadachi ifungue shule yake wazazi wananitupia maneno, ati kule mtoto anaandika jina lake kwa miezi mitatu na kwangu anamaliza mwaka bado anachanganya jimu, ha na kha. Na ni kweli wanachanganya, bwana, maana herufi hizo tatu umbo lao moja, zote zina tumbo, ila jimu ina nukta tumboni, ha haina kitu, na kha nukta yake iko juu, na mtoto akizikosea kila neno analoandika linaharibika.

Basi siku moja nikawatungia wimbo. Jirani yangu Jokha alikuwa mjamzito, nikasema jimu ni Jokha, ana mtoto tumboni. Kha ni Khamisi muuza samaki, tenga liko kichwani. Ha nikaitafutia jina, na wallahi sikufikiri, likanijia la Bi Hafidha, mke wa Hemedi, nyumba ya pili kutoka kwangu, nikasema ha ni Hafidha, tumbo tupu. Watoto walicheka mpaka wakaangusha mbao zao, na kwa siku tatu wote wakazijua herufi, hata wale wazito, nami nikavimba kichwa.

Bi Hafidha ameolewa miaka kumi na moja na amezika watoto watatu, hakuna aliyefikisha siku arubaini. Wawili niliwaswalia mimi mwenyewe. Kila Jumatano alikuwa akiwaletea watoto wa chuo sinia la mbaazi za nazi, na Jumatano ile walipomwona anakuja wakaanza kumwimbia kwa furaha, wakidhani atapenda kusikia jina lake. Akaweka sinia chini, akarudi kwake. Hajaja tena. Wimbo ukaenda kisimani, ukaenda mashambani, hata arusini wanawake wakaupigia makofi.

Hemedi akanijia kuuliza nani ameutunga. Nikasema ni watoto wenyewe, nikamtaja Arafa, binti wa miaka tisa, kwa kuwa ndiye mwenye sauti kuliko wenzake, na nikamchapa bakora sita mbele ya Hemedi. Mtoto hakusema, "Ni wewe, mwalimu." Alinitazama tu. Sasa Hemedi ananiambia Maulidi yakiisha atampeleka mkewe kwao Chole, kwa kuwa mwenyewe ametaka, na akienda sidhani atarudi. Bi Hafidha amemwambia, "Maneno ya watu wazima nimeyazoea, lakini hawa watoto nilikuwa nawahesabu wangu."  Nafikiri, mshauri, niwatume wazee wampelekee Bi Hafidha mbuzi bila kusema mengi, maana nikikiri wazazi wataniondolea watoto wote, au ninyamaze tu wimbo usahaulike wenyewe?

Ni mimi, Mwalimu Matano.

JAWABU

Mwalimu Matano, alaika salaam. Barua yako nimeisoma mara mbili. Ya kwanza nilikuonea huruma, ya pili nikakasirika, na bado nimekasirika.

Mbuzi mwache malishoni! Mbuzi anayeletwa na wazee waliofunga midomo, Bi Hafidha atamfahamuje? Atadhani ni sadaka ya kumwombea uzazi, nawe utakuwa umemtukana mara ya pili, safari hii mbele ya wazee.

Kutunga wimbo si kosa. Mimi nami nilifundishwa kwa nyimbo, na kichwa changu kizito Mungu anakijua. Lakini nyumba nzima ina vyombo, wewe ukaenda kuchukua tumbo la mwanamke! Waambie watoto hivi: jimu ni chungu chenye kipande kimoja cha nyama, ha ni chungu kilichokombwa, kha nzi ametua juu. Watacheka vilevile, na hakuna atakayelia.

Kumtaja Bi Hafidha ulighafilika, na binadamu hughafilika. Arafa hukumchapa kwa kughafilika. Ulimchapa macho makavu, ukijua bakora zile ni zako. Haya, anzia kwake, kesho asubuhi, chuoni, wenzake wote wakisikia. Mwambie, "Wimbo niliutunga mimi, nawe nilikuonea." Wazazi wakiondoa watoto wao, na waondoe. Mwalimu anayeogopa kusema kweli atawafundisha nini?

Ukitoka hapo nenda kwa Hemedi, umwambie maneno hayohayo. Kisha mwendee Bi Hafidha. Gazeti hili linakawia kufika kwenu, na huenda ameshaondoka; basi vuka umfuate Chole. Fuatana na mkeo, usije ukapata kisingizio kwamba unaona haya kusema na mke wa mtu. Usimwombe arudi Kirongwe, hilo ni lake na mumewe. Usimweleze habari za Wadachi na shule yao. Wala usimlilie, amelia vya kutosha, na ukianza wewe itabidi akubembeleze.

Sema ulilotenda, uombe radhi, unyamaze. Akikufukuza, ondoka kwa adabu. Na akikuuliza kwa nini siku ile hukusema mbele ya mumewe, ukamwacha mtoto apigwe, usitafute jawabu zuri. Mwambie uliogopa.