Meza ya Zamani na Sauti ya Min Akinyi

Jumatatu, 3 Machi

Kosa la wengi ni kuchagua mashine kabla ya kusikiliza wimbo. Wanauliza ipi bora, ya zamani au ya kompyuta. Swali ni wimbo unahitaji nini.

Nimepangusa vumbi kwenye meza ya kuchanganyia sauti, kama kila asubuhi. Akinyi, binti yangu, ndiye anayeendesha studio hii ya Mamboleo sasa. Anataka meza iondoke. Inakula nusu ya chumba na inatoa joto. Kompyuta inafanya yote hayo, anasema. Bwana mmoja wa Kisian anaitaka kwa kanisa lake. Atakuja Jumamosi. Lazima niamue.

Nimechagua wimbo wa kupimia: kanda niliyorekodi Asembo Bay, nyumbani kwa Mzee Odundo, mpiga nyatiti, kinubi chetu cha nyuzi nane. Min Akinyi, yaani mama yake Akinyi, alikuwa amekaa nyuma yangu siku hiyo. Sijaicheza tangu tumzike mke wangu.

Jumanne, 4 Machi

Tumeupitisha mwanzo wa kanda kwenye meza, kisha kwenye kompyuta. Meza hulainisha sauti. Kompyuta huitunza jinsi ilivyo. Huo ndio ugawaji mzuri wa kazi. Nilimweleza Akinyi. Alishaelewa, nikaeleza tena.

Kanda imeacha unga wa kahawia kwenye kichwa cha mashine ya kuichezea. Dalili mbaya. Inajimenya.

Nilitoka kwenda kumwona daktari wa macho. Akinyi akabaki kuiingiza kanda yote kwenye kompyuta na kuusafisha wimbo.

Jumatano, 5 Machi

Nimeusikia wimbo uliosafishwa. Kila uzi wa nyatiti umesimama peke yake. Pete ya chuma kwenye kidole cha mguu cha Mzee Odundo inagonga kama saa. Safi kabisa. Sikufurahi. Sijui kwa nini.

Alhamisi, 6 Machi

Nimejua. Wimbo hausimami.

Kwetu wimbo husimamishwa. Msikilizaji humkatiza mpigaji, naye hushusha nyuzi, na yule mtu hujisifu au humsifu ampendaye. Ndiyo pakruok. Akimaliza, wimbo unaendelea. Siku ile aliyesimamisha alikuwa Min Akinyi.

Akinyi alikata pale. Aliona kwenye skrini mawimbi yamepungua, akadhani ni watu wanaongea na kuku. Alikata kwa macho, hakusikiliza. Kisha akafuta nakala ya kwanza ili apate nafasi.

Nilimwambia ilikuwa sauti ya nani. Alikaa chini. Mimi nilitoka nje. Nina hasira. Zaidi ya hasira, nina hofu. Kanda ile inaweza kuchezwa mara moja tu zaidi, labda.

Ijumaa, 7 Machi

Umeme umepotea. Radi ziwani tangu asubuhi. Nimesafisha kichwa cha mashine kwa spiriti na pamba. Nikasafisha tena.

Najaribu kuikumbuka sauti yake. Maneno ninayo. Sauti haiji. Hilo ndilo linaloniumiza.

Jumamosi, 8 Machi

Umeme umerudi. Bwana wa Kisian alifika mapema na pikapu. Tulimwomba asubiri mlangoni, asiongee.

Mikono yangu kwenye meza, ya Akinyi kwenye kompyuta. Sauti nyembamba zilikuwa zinafifia kadiri kanda inavyojimenya. Nikazipandisha taratibu kwa kidole. Nyuzi zikashuka. Kuku. Kisha yeye, kwa Dholuo, akijivuna kama kawaida yake:

“Simamisha hapo, Mzee. Mimi ni binti wa Asembo. Mume wangu ni mwalimu wa masikio. Anasikia mpaka mbu akikohoa ng'ambo ya ziwa, ila …”

Sauti ikazama. Kichwa kilikuwa kimeziba. Watu walicheka, mbali sana, kama wako chini ya maji. Mwisho haukuja.

Akinyi hakuinua macho.

“Ila akiitwa kula,” alisema.

Kila jioni ya utoto wake alimsikia mama yake akisema hivyo. Nilimshika bega.

Nilimwambia bwana wa Kisian kwamba meza haiondoki mpaka kanda zote ziingie kwenye kompyuta.

“Mwalimu,” alisema, “unauza meza au unaichumbia?”

Akinyi ndiye aliyecheka kwanza. Akampa yule bwana chai.

Jumapili, 9 Machi

Nimetoka kanisani. Ziwa limetulia. Akinyi amehamisha kochi ili meza ipate hewa.

Nimeucheza wimbo kwa sauti ya chini. Unasimama pale unapopaswa kusimama. Yule binti wa Asembo anajisifu, kisha anazama. Nikaenda kula kabla chakula hakijapoa. Hakuna aliyeniita.

Kabatini kumebaki kanda nyingine.

Leo: toa iliyo juu, uisikilize mpaka mwisho kabla ya kukata chochote.