Mahfudh wa Redioni

Mtongwe, Likoni
9 Oktoba 1961

Kwa dada yangu Suad, Magogoni.

Shikamoo dada. Naandika nikitaraji waraka huu utakukuta mzima, wewe na shemeji, na nyumba yenu ina utulivu. Sisi huku hatujambo kwa uwezo wa Mola. Mume wangu Mwidani amepata kazi tena bandarini. Mwanangu Mahfudh ana meno manane na maneno mengi, ila miguu yake bado. Mwaka na miezi minane, dada, na ukimsimamisha anakunjika kama kitambaa.

Nina neno la kukuomba, lakini niache nianze mbali kidogo. Dukani kwa Ngala redio haizimwi, na kila alasiri yatangazwa dawa ya chupa iitwayo Jabali. Mtangazaji asema mzee wa miaka sabini aliinywa Jumatatu, Ijumaa akaoa. Asema kipara kimoja kiliota nywele hata kinyozi akachoka. Mkulima naye alimwagia mnazi wake tone moja, asubuhi madafu yakamgonga kichwani. Jirani yangu Mwanatabu akamwambia Ngala alinyweshe dawa hiyo gari lake bovu lililolala nyuma ya duka. Likitembea, yeye atanunua kasha zima. Ngala akamjibu kwamba gari halina imani.

Nami nilicheka, wala sikuamini hata moja. Mtu anayejua maradhi ya kila mtu bila kumwona, mimi humtilia shaka.

Halafu siku moja, redioni humo humo, akaja mwanamke. Akasema yeye ni mama wa Mtongwe, mwanawe Mahfudh alikuwa hasimami, na kwa vijiko vitatu tu vya Jabali mtoto aliinuka akakimbia hadi kivukoni, watu wazima wakashindwa kumkamata. Wenzangu wote walinigeukia. Mwanatabu akaniuliza tangu lini nimeanza kuwaficha mambo. Wewe wajua, hapa mtoto akizaliwa sote twenda siku ya arubaini; hakuna mzazi tusiyemjua. Hata hivyo nilikwenda kwa mkunga wetu, Bi Mwanamkasi. Akanambia katika watoto aliowapokea Mtongwe nzima, mwenye jina la Mahfudh ni mmoja tu, naye hajasimama. Akaongeza kuwa watu wa dawa hiyo walipita sokoni Kongowea na mashine ya kunasa sauti, wakitafuta wanawake wa kusema.

Sasa nikwambie ukweli, dada, na usinikasirikie. Sikuwa namtafuta mama huyo. Nilimjua tangu siku ya kwanza. Ulikohoa kidogo kabla ya kusema, kama ufanyavyo ukiona haya. Kule kuzunguka kwangu kote nilikuwa naomba niwe nimekosea.

Na kuna baya zaidi. Kwa kuwa sauti ilikuwa yako, niliamini. Nilijiambia Suad hawezi kunidanganya, labda ameiona dawa ikimfaa mtoto wa mwingine. Nikampa Mahfudh chupa nne. Siku aliyoandikiwa kwenda hospitali kubwa kuangaliwa mifupa ikapita, sikumpeleka, na Mwidani hajui. Miguu sasa imeanza kupinda.

Sijui walikuahidi nini. Nimejaribu kukudhania mabaya nikashindwa, maana kila nikisikiliza nasikia ulivyolitamka lile neno, mwanangu, polepole, kama mtu asiyetaka liishe mdomoni. Miaka tisa ya ndoa bila mtoto. Hata mimi ningetaka kulisema mbele ya nchi nzima. Na hapo hukusema uwongo. Wewe ni mamake mkubwa, Mahfudh ni wako. Uwongo ni kwamba anakimbia.

Nimeomba siku nyingine, nikapewa Alhamisi ya wiki ijayo. Nisubiri ng'ambo, kivuko cha saa mbili asubuhi, tumpeleke pamoja. Foleni ya hospitalini ni ndefu na amekuwa mzito. Nataka umbebe wewe. Nesi akiuliza mama ni nani, jibu. Na akiuliza kama mtoto anatembea, mwambie kweli.

Mpe shemeji salamu zangu, na Mwidani awasalimu nyote. Usijisumbue kunijibu kwa barua. Nitakuona hapo kivukoni, inshallah.

Ni mimi mdogo wako, nisiyekuwa na dada mwingine,
Ruwaida