Mtama Uliongoja Bei

Mama,

Bei imepanda. Nilitaka uwe wa kwanza kusikia, maana ni wewe uliyenifundisha kuuma punje ya mtama na kujua kama imekauka. Imepanda hasa, vilevile nilivyosema. Jana majirani zetu hapa Ayivu walikuja kunipongeza, "Wewe mutu ya soko kabisa!" Nikacheka nao. Walipoondoka nikaingia nyuma ya ghala nikalia.

Unakumbuka tulivyokuwa tukikaa mkekani, mimi na simu, wewe na ungo? Nampigia yule rafiki yangu wa boda wa njia ya Koboko: mtama wa huko unaendeleaje? Malori ya wanunuzi yamefika mangapi? Naye anasema majani yamenyauka, mvua imekataa. Basi mimi, ghala letu likiwa limejaa, nafurahi! Mungu anisamehe, nilifurahia ukame wa watu. Wewe uliacha kupepeta ukaniambia, "Shamba ya mutu inakauka, wewe unacheka?"

Halafu mguu wako ukaanza kuvimba. Ukasema, "Uza gunia mbili, unipeleke hospitali Arua." Nikakwambia ngoja kidogo, Mama, wiki mbili tu, bei itapanda. Siku ya soko ukaniomba tena. Nikakujibu kwa ukali, eti wewe hujui mambo ya soko. Lo! Mimi, kukwambia wewe hivyo! Baada ya hapo hukuomba tena. Uligeukia ukuta.

Unajua mtama ule ulikwenda wapi? Tuliusaga kuwalisha waombolezaji wako. Watu walikuja kutoka Awindiri, wengine kutoka Omugo, wakalala hapa siku nne, na kila asubuhi nilifungua gunia jingine. Nani angewaambia wao wangoje bei? Wanawake walisonga ugali wakausifu: mtama mzuri, hauna hata mchanga. Bei ilipopanda, ghala lilikuwa limebaki na panya tu.

Lakini kuna jambo linanikaba kuliko hilo. Siku ya kukuzika, Ezaru, binti yako, alishuka kwenye basi la Kampala akaniuliza mbele ya watu wote kwa nini hukupelekwa hospitali. Nikasema, "Mama alikataa." Ilinitoka tu. Akaamini, na watu wakaamini. Sasa kila akipiga simu analia akikulaumu wewe, eti ulikuwa mkaidi, ungekuwa hai leo. Na mimi naitikia, ee, Mama alikuwa mkaidi.

Nimechoka kukusingizia wewe usiyeweza kujibu. Ezaru anafika Ijumaa. Nakuahidi, kabla hajafungua hata mfuko wake, nitamwambia uliniomba mara mbili, na ni mimi niliyekunyima. Akinichukia, na anichukie.

Pumzika, Mama. Wewe hukukataa.

Mwanao