Senge Aliniagiza Maji ya Moto

Riyadh, 17 Januari 2025

Kwa shangazi yangu, Senge Selipher,

Mulembe. Natumai barua hii itakukuta mzima huko Jeddah, na goti limepunguza vituko vyake. Madam bado anakupandisha ngazi na ndoo? Mimi ni mzima, ila baridi ya Riyadh mwezi huu inanitafuna masikio ninapowapeleka watoto wa bosi shuleni.

Utashangaa kuona karatasi wakati WhatsApp ipo. Najua madam hushika simu yako akitafuta picha za mtoto wake, na yangu naweza kuombwa na polisi barabarani wakati wowote. Griffins, yule anayeendesha lori la vifurushi kati ya huku na huko, hafungui bahasha ya mtu. Ukishasoma, chana.

Senge, mficha uchi hazai. Mimi sitazaa vyovyote vile, lakini nimeona nisikufiche wewe. Unakumbuka ulipokuja likizo Kimilili nikakuambia kwamba mimi si mwanamume, nimevalishwa tu? Ulicheka ukaniambia nikalale. Sikuwa nimelewa. Huu ni mwaka wa pili nameza vidonge, vingine vya kuzuia homoni za kiume na vingine vya kuleta za kike. Hivyo vya kuzuia vinanikausha koo na kunikimbiza chooni, na dereva hawezi kusimamisha gari kila kona. Daktari wangu wa Nairobi, tunayeongea kwa simu, ameniambia kuna njia nyingine: operesheni ya kutoa korodani. Mtu huingia asubuhi akatoka jioni, na dawa ya kuzuia haihitaji tena maisha yake yote. Nimepata hospitali Bangkok. Bosi atanipa likizo ya mwezi baada ya Idi.

Sikuombi pesa. Kwetu msichana hapitishwi kwenye jambo la mwili wake bila senge, dada ya baba yake, kujua. Dada zangu wote ulikaa nao jikoni ukawaeleza mambo, mimi ukanifukuza nikachunge ng'ombe. Nataka safari hii na mimi nipite kwako kwanza.

Mtoto wa kaka yako,
Nasimiyu (uliyemzoea kama Wesley Simiyu)


Jeddah, 14 Februari 2025

Kwa Wesley,

Salamu. Mimi ni mzima, goti ni lile lile.

Barua yako nimeisoma mara moja, bafuni, nikaichana na kuvuta maji. Vipande viwili vikakataa kuzama. Nikabaki navisukuma kwa brashi ya choo huku madam anagonga mlango, "Selipher, yalla!" Umenizeesha, mtoto wewe.

Wahenga walisema mtoto akililia wembe, mpe. Hao wahenga hawakuwa na mtoto Riyadh. Unajua uko nchi gani? Ukikamatwa na hivyo vidonge, nani atakutoa? Mimi? Ikama yangu yenyewe, kibali cha kukaa huku, iko kwenye mkoba wa madam.

Na hiyo operesheni unayoiita ya kuingia na kutoka. Mimi nilikuwepo mwaka wa tohara yako. Baba yako Japheth alichinja fahali. Ulisimama mbele ya ukoo mzima umepakwa matope, hukupepesa jicho, na wazee wakasema huyu ni mwanamume kamili. Sasa unataka mimi niseme nini? Japheth atapata wajukuu kwa nani, na wewe ndiye mvulana wake wa pekee? Hizo pesa ungemalizia ile nyumba, ukaezeka, ukaoa.

Usiniandikie habari hiyo tena. Niandikie kama umekula.

Shangazi yako,
Selipher


Riyadh, 28 Februari 2025

Kwa Senge,

Mulembe tena. Nimekula. Wali na kuku, nikaongeza pilipili.

Ni kweli nilisimama. Unajua kwa nini sikupepesa jicho? Sikuwepo. Niliuacha mwili pale na matope yake, mimi nikaenda zangu mbali, na sijui kama nilirudi kamili. Kisu kile kilichaguliwa na ukoo, nami nikakiheshimu. Hiki nakichagua mwenyewe na nataka niwepo.

Umenisema kwa pesa, basi nikujibu waziwazi usije ukadhani natapeliwa. Operesheni na vipimo na dawa, pamoja na daktari wa akili wa kule ambaye lazima ahakikishe najua ninachofanya, inakuja kama riali elfu saba. Tiketi na chumba cha kupumzikia ni karibu elfu nne nyingine. Kuna operesheni kubwa ya kugeuza kila kitu, lakini hiyo ingemeza pesa nyingi zaidi na kunilaza miezi, na sioni haja yake kwa sasa. Nimeosha magari ya majirani kila Ijumaa miaka miwili kupata hizo. Nyumba nayo imeezekwa Disemba, muulize Baba. Wajukuu anao saba kwa dada zangu, na majina yao yenyewe anayachanganya.

Hofu yako ni ya haki. Mimi pia naogopa. Sijui nitamwambia nini bosi nikirudi natembea kama bata. Lakini Senge, nikikaa hivi nilivyo naogopa zaidi. Kuna asubuhi nikijitazama kwenye kioo cha gari namwona mtu nisiyemjua amekalia kiti changu, na nimechoka naye.

Nasafiri tarehe nane Aprili. Nitaenda hata usiponijibu. Ila nitaenda na hasira, na sitaki kulala mezani kwa daktari nimekukasirikia.

Mtoto wa kaka yako,
Nasimiyu


Jeddah, 4 Aprili 2025

Kwa Nasimiyu,

Mulembe. Idi imepita, Mungu ashukuriwe. Nimeosha sahani mpaka nikaota sahani.

Usinishukuru, soma tu. Bado nina hasira. Ramadhani nzima nimekunja sambusa huku nagombana na wewe kichwani, na kila mara unanishinda, hata ndani ya kichwa changu mwenyewe. Nimempigia Japheth kuuliza habari za nyumba. Ni kweli ulivyosema. Hakuacha kukusifu, nami nikawa nasema hm, hm, kama mtu aliyeweka chai moto mdomoni.

Jikoni kwangu hukupita kwa sababu sikujua. Basi pita leo.

Hakuna senge aliyewahi kuulizwa swali lako, kwa hiyo nimefikiria mwenyewe. Vijana wa tohara sijawahi kuwauguza, hiyo ni kazi ya wanaume. Nikasema, huyu atatolewa kitu mwilini, atakuwa na nyuzi, atakuwa mpweke na machozi ya karibu. Huyo ni kama mama aliyetoka kujifungua, na mama aliyejifungua mimi namjua. Dada zako wote nimewakanda kwa mikono hii. Ukitoka hospitali chemsha maji, tia chumvi, chovya taulo, kamua, ujikande tumboni na pale pale penye kidonda mpaka jasho likutoke. Asubuhi na jioni. Utasikia uchungu, vumilia. Halafu ujifunge leso tumboni, hiyo niliyokufungia kwenye kifurushi hiki, nimeinunua sokoni Balad na muuzaji ameniibia. Unga wa wimbi pia umo. Uji uwe mwepesi, mzito utakufungia choo, na mwenye nyuzi hatakiwi kukaza. Usishike ufagio. Usibebe ndoo.

Bosi mwambie umepasuliwa ngiri. Mwanamume akisikia ngiri hubana miguu na haulizi zaidi.

Bwana akutangulie. Usilale mezani umenikasirikia.

Senge wako,
Selipher


Jeddah, 9 Mei 2025

Kwa Nasimiyu,

U mzima? Griffins amesema alipita getini kwa bosi wako akaambiwa dereva hajarudi. Mwezi wa likizo umekwisha. Simu yako imezimwa, na siwezi kumwuliza mtu yeyote, nitamwuliza nini?

Wiki hii nimeunguza wali wa madam. Miaka kumi na moja sijaunguza. Namwachia Griffins barua hii akupe siku utakayoonekana. Nasema utakayoonekana kwa sababu neno lile lingine sitaliandika.

Ulijikanda? Kama nilikuambia vibaya Mungu anisamehe. Andika hata salamu tu.

Senge wako


Riyadh, 16 Mei 2025

Kwa Senge wangu,

Mulembe, mulembe, mulembe! Mimi ni mzima. Vuta pumzi kwanza ndipo uendelee.

Nilichelewa kwa sababu yako, na nakuambia bila kukulaumu. Operesheni ilienda vizuri sana. Walinilaza mezani saa tatu asubuhi, wakaniuliza jina, nikalitaja, wakaliita vile vile nilivyolitaja. Nilikuwepo, Senge, mpaka ile dawa iliponichukua. Jioni nilikuwa chumbani kwangu na bandeji, chupi ya kubana, na karatasi ya maagizo. Karatasi ilisema barafu. Barafu tu, na maji ya moto marufuku. Niliisoma yote.

Kisha nikachemsha maji. Nikaomba chumvi kwa mama muuza supu hapo chini, nikachovya taulo na kujikanda kama ulivyosema, mpaka jasho likanitoka na mayowe yakanitoka. Asubuhi palikuwa pamevimba kama chungwa. Nikachukua teksi nimekaa upande upande. Daktari, mama mmoja mfupi mwenye miwani, akanitazama kwa mashine yake akaona damu imejikusanya ndani. Akasema mwili utainyonya wenyewe, lakini nisipande ndege mpaka aridhike, na hakuridhika upesi. Akauliza nani aliniagiza maji ya moto. Nikasema shangazi yangu. Akauliza, ni muuguzi? Nikasema hapana, anapika Jeddah.

Alinigombeza vizuri. Akaniuliza kwa nini nilifanya hivyo na karatasi ninayo. Sikuweza kumweleza, ila wewe nitakueleza. Maisha yangu yote hilo ndilo agizo la kwanza ulilonipa kama unavyowapa wasichana wako. Ungeniambia nikalie makaa ningetafuta makaa.

Tangu hapo ni barafu kwenye kitambaa, na kulala chali na mto chini. Leso yako ndiyo iliyoshikilia hiyo barafu, kwa hiyo wewe na daktari mmepatana. Na kwenye uji ulisema kweli, hata yeye alinionya habari ya choo. Bosi nilimpigia kwa simu ya hospitali, laini yangu ya huku ilikataa kule. Kwako niliogopa kupiga, nani angepokea?

Sasa uvimbe umekwisha, nyuzi zimeyeyuka zenyewe, na natembea kama mtu. Vitu vizito bado, mpaka mwezi ujao. Vidonge vya kuzuia nimevitupa. Vile vingine naendelea navyo, daktari amesema mwili ukikosa homoni zote mifupa huliwa. Na Senge, siku moja niliamka nikasikia kimya ndani yangu. Kama jirani mwenye redio amehama. Nililia kwa furaha, nikacheka, na kucheka kuliuma kuliko kulia.

Bosi nilimwambia ngiri. Akanishika bega, "Wallahi, hata mimi!" Akanisimulia yake kuanzia mwanzo mpaka mwisho, na sikuuliza. Tangu siku hiyo, "Halas, wewe hakuna kubeba," na makatoni ya maji anayapakua mwenyewe na kanzu yake nyeupe, mkewe anamtazama dirishani. Mkataba unaisha Disemba. Hapo nitaenda Nairobi, nikaanze kuishi mchana, bila kujificha.

Wako,
Nasimiyu


Jeddah, 30 Mei 2025

Kwa Nasimiyu, binti yangu,

Mulembe, mama. Mimi ni mzima kuliko nilivyokuwa mwezi huu wote.

Barafu! Kwenye kidonda! Nimeaibika, halafu nikacheka, halafu nikakaa juu ya gunia la mchele nikalia. Nilikaribia kukuua kwa taulo. Na wewe, karatasi umeisoma na bado ukachemsha maji? Mjinga wewe. Mjinga wangu. Kuanzia leo senge akisema hivi na daktari akisema vile, mfuate daktari, halafu uje umwambie senge alivyokosea. Hilo ndilo agizo la pili.

Nilipomaliza kusoma nilipiga vigelegele pale pale jikoni, sikujizuia. Madam akaja mbio na mtoto kiunoni akidhani nimeungua. Nikamwambia, "Binti wa kaka yangu alikuwa mgonjwa, amepona." Neno lilitoka lenyewe, sikulitafuta. Akasema mabruk, hongera, akanipa sahani ya tende nikale na wenzangu. Ijumaa hii Balad nimewagawia rafiki zangu Adhiambo na Hannah, nikawaambia nina binti Riyadh aliyetoka hospitali. Sikusema zaidi. Hannah aliomba sala ndefu mpaka tende zikapata vumbi.

Sasa neno moja la mwisho, na sitafungua mdomo mpaka useme ndiyo. Likizo yangu ni Agosti. Japheth niachie mimi. Hiyo si kazi ya mtoto, hiyo ni kazi ya dada ya baba, ndiyo maana tukawekwa. Nitafika Kimilili, nitamkalisha, nitamwambia ana binti ambaye hajamwona. Atapiga kelele. Na apige, mimi nilimbeba mgongoni kabla hajajua kusema. Baada ya kelele atanyamaza, na akishanyamaza sana huomba chai. Hivyo ndivyo yule mtu hukubali mambo tangu utoto wake.

Nitakaa naye, Nasimiyu. Sitaondoka kwenye kile kiti mpaka aombe chai.

Senge wako,
Selipher