Kalibu Yenye Maji

Mghoi mjukuu wangu,

Nakusalimu kutoka Erdington, huku Uingereza, mimi babu yako, mtanashati kuliko wanaume wote wanaopanda basi la hapa. Nyanya yako bado anatunza wazee wa Kiingereza, ingawa goti linamsumbua.

Unauliza kama huko Kanada ukiyeyusha madini na kujisubia risasi kwenye kalibu nyumbani, na kujaza maganda upya, mazoezi yako ya shabaha yatakuwa nafuu. Yatakuwa. Shule ilinishinda darasa la tano, lakini Taita nzima hakuna aliyenifikia kwa kusubu. Baba alikuwa na bunduki ya kufukuzia nguruwe mwitu shambani, nasi wanawe tulimyeyushia madini ya betri kuukuu tumsubie risasi.

Siku moja mdogo wangu Mwadime alisema, "Kaka, kalibu ya kusubia ina maji. Ngoja ikauke."

"Mwoga wewe! Nenda kapike na dada zako," nikamjibu, nikamimina.

Madini ya moto yaliruka yakampata jichoni.

Baba alipouliza, Mwadime alijibu, "Ni mimi niliyemimina." Nami, bingwa wa maneno, nikanyamaza.

Mwezi jana Mwadime alizikwa, nikatazama mazishi kwenye simu. Mchungaji alisimulia jinsi marehemu alivyopoteza jicho kwa ukaidi wake wa utotoni, watu wakacheka kwa upendo. Sauti yangu ilikuwa imezimwa. Sikuiwasha.

Wewe ndiye wa kwanza kuambiwa, Mghoi. Wa pili ni mjane wake. Nampigia nikishatia sahihi hapa.

Babu yako,
Mwakio