Aliyesikiliza Tenisi Nyuma ya Ghala

Mlowo, Mbozi

Mama yangu mpendwa,

Shikamoo. Naamini barua hii inakukuta jikoni kwenye kigoda chako, Dada Naomi akikusomea. Dada, soma polepole na usiruke mahali, maana kila nikija likizo nagundua umeruka. Magoti yako yanaendeleaje, Mama? Na ule mfereji wa juu, mmeshaufukua au bado mnagombania zamu? Mimi sijambo. Homa iliyonilaza imeondoka na kuniachia njaa tu, na huku ulezi haukosekani.

Katika barua yako uliniagiza jambo moja, nimtafute Kaka Zefania, aliyekwenda migodini asirudi. Ulisema mimi niko karibu na mpaka na wewe uko karibu na kaburi. Maneno hayo yaliniuma. Dereva mmoja wa lori alikuwa amenidokeza kwamba kuna mtu wa kwetu anapasua mbao Isoka, ng'ambo, Rodeshia ya Kaskazini. Lakini mimi ni mpima kahawa tu. Bwana wetu wa ghala hatoi ruhusa kwa ajili ya ndugu aliyepotea. Anachokipenda hapa duniani ni tenisi, na kwa tenisi hutoa ruhusa hata kabla hujaomba.

Nilikwisha kukueleza kwamba tunachezea kwenye sakafu ya saruji ya kuanikia kahawa, wakati kahawa haijaanikwa. Basi makarani wa Isoka walitualika, nasi tukatakiwa kupeleka wachezaji wanne. Watatu walijulikana bila ubishi. Wa nne alikuwa ama mimi, ama Siame, anayepaka wagonjwa dawa zahanati, Mnamwanga wa Tunduma. Mama, niliitaka nafasi ile kuliko nilivyowahi kutaka kitu, na haikuwa kwa ajili ya mpira.

Timu huchaguliwa barazani kwa Mgala, fundi cherehani, ambaye ndiye nahodha wetu. Wanaochagua hasa ni washabiki, na mwenye sauti kubwa kuliko wote ni Kibona, muuza chumvi kutoka milima ya Ileje, ambaye raketi hajawahi kuishika hata kwa bahati mbaya.

"Eliezeri aachwe," alisema Kibona. "Hapa kwetu mpira wake unateleza kwenye saruji kama sabuni. Kule uwanja ni wa udongo wa kichuguu, umepondwa na kumwagiwa maji. Akipiga kwa nguvu, mpira unasimama unamngoja mwenyeji aje ausalimie."

"Na Siame?" akauliza Mgala.

"Siame kajifunzia kwenye kichuguu tangu kijana. Hapigi kwa nguvu, anarudisha tu. Anarudisha mpaka mwenzake anachoka na kukumbuka shamba lake."

Watu walicheka, lakini nilijua anasema kweli. Ningekuwa mimi ndiye mchaguzi, ningemchagua Siame. Nikatazama viatu vyangu.

Ndipo Siame mwenyewe akasema kwa sauti ya chini, "Mimi Isoka siendi. Mama mkwe anakaa pale pale kando ya uwanja."

Baraza zima likatikisa kichwa kumkubalia, Kibona naye. Mgala akavuta uzi na kusema, "Basi ni Eliezeri." Ni mimi peke yangu ambaye sikuelewa. Nikauliza, "Kwani mama mkwe anachezea timu gani?" Walinicheka mpaka mteja mmoja akaacha kujipimisha suruali.

Wakanifundisha. Kwa Wanamwanga mtu haonani na mama wa mkewe. Akimwona njiani huacha njia. Hawaonani mpaka wazazi wa mume wampelekee yule mama jembe, nao wampelekee kwa mkono wao au wa ndugu waliyemtuma, si kwa mkono wa mkwe. Wazazi wa Siame walikuwa hawajapeleka. Sasa mtu atakimbiliaje mpira unaoangukia miguuni kwa mkwewe? Hivyo ndivyo nilivyoingia timuni, Mama. Mkwe wa mtu ndiye aliyenichagua.

Tulikwenda kwa lori la mahindi, tukavuka Tunduma, tukafika Isoka tumepakaa vumbi hata kwenye kope. Nilipoteremka niliuliza habari za Zefania, mtu wa Upare mpasua mbao. Hakuna aliyemjua. Nikauliza tena kwa makarani, nao wakasema wageni ni wengi. Nikaingia uwanjani nikiwa nimekata tamaa.

Mchezo sitaueleza sana. Yote aliyosema Kibona yalitokea. Mpira wangu ulisimama, ukasalimiwa, ukarudishwa. Nilipokosa ule wa mwisho nilitukana kwa Kipare, lile neno ulilotuchapia mimi na Kaka tulipokuwa wadogo. Nisamehe, lilinitoka.

Nilikuwa nikijifuta jasho alipokuja mwanamke kijana mwenye mtoto mgongoni, akapiga magoti. "Mwapoleni mukwai," alinisalimu kwa desturi yao. "Mama yangu yuko pale mkekani. Anauliza, lile neno ulilolisema ni la lugha gani?"

Nikaona aibu nikamjibu kwamba ni Kipare, na halina maana yoyote.

Akaenda, akarudi. "Mama anasema lina maana. Mkwe wake hulisema akijikata na msumeno. Hajawahi kumwona, lakini humsikia kupitia ukutani."

Nikamuuliza huyo mkwe yuko wapi. Akaniambia, "Ni mume wangu. Yuko nyuma ya ghala la mahindi. Alitaka kuuona mchezo, lakini mama yuko hapa, kwa hiyo anausikiliza."

Nilikwenda nyuma ya ghala. Kaka Zefania alikuwa amekaa juu ya gogo, kichwa amekiegemeza ukutani. Amekonda na ana mvi. Wenyeji wanamwita Msumeno, na jina lake halisi hawalijui. Hata Siame, ambaye ni mwanyumba wake kabisa, hamjui ila kwa jina hilo. Wanaume wawili wameoa kwa mama mmoja, na wote wawili wanamkimbia, watakutania wapi? Tulilia. Alisema aliumia mkono mgodini, akaona aibu kurudi mikono mitupu, na aibu nayo ikizoeleka huwa makazi. Yule mtoto wa mgongoni ni wake. Amemwita Namkunda, jina lako. Wenyeji hawakuona ugeni wowote, maana wanawake wao nao majina yao huanza na Na.

Kabla ya kupanda lori nilikwenda mkekani kuaga. Yule mama ni mtu mpole, mwembamba, mcheshi. Mkaza mwanao alinitafsiria maneno yake, nami nakuandikia kama yalivyo: "Sina kinyongo na mkwe wangu. Ni mtu wa kazi, ukutani namsikia anavyocheka na mwanangu. Wenye jembe ndio sijawaona. Namngoja mama mwenzangu."

Basi nisalimie Baba Mdogo, mhunzi wetu, na umwambie nimewasifia huku kwamba Upare mafundi wa chuma hawajaisha, asiniangushe. Msalimie shangazi wa bondeni, na mjomba mzee wa kanisa, ila lile neno asisomewe. Dada Naomi, hapa ndipo usiruke.

Mama, tuma jembe moja. Lifike kwangu nami nitalivusha kwa mkono huu, Kaka atoke nyuma ya ghala.

Mimi mwanao niliyeshindwa Isoka,
Eliezeri