Mawe Uliyoyapeleka Kupimwa

Kibaoni,
9 Novemba 1996

Kwa mdogo wangu Melkior,

Amani ya Bwana iwe nawe na wote wa nyumba yako hapo Makanyagio. Natumaini kikohozi kimekuachia. Mimi ni mzima kwa kadiri ya umri wangu, isipokuwa magoti. Niwie radhi kwa kuchelewa kujibu barua yako ya Agosti. Uliponiita mlinzi wa mifupa, niliona heri mkono utulie kwanza.

Unauliza ni nani aliyekukosesha unyapara wa machimbo uliokuwa umeahidiwa. Nitakujibu.

Mwezi Juni wewe ulimleta kwetu Bwana Malale, mtaalamu wa miamba, mtu mwenye adabu. Alitueleza kwamba ndani ya mawe yaliyotokana na moto wa ardhini mna chembe ndogo ziitwazo zirkoni. Ndani ya chembe hizo madini ya urani hugeuka kuwa risasi, ile metali nzito, polepole mno, na mwenye kupima kilichogeuka na kilichobaki huujua umri wa jiwe. Umri wa kilima chetu ukilingana na ule wa mwamba wa dhahabu wa mgodi wa zamani, ingeletwa mashine ya kuchoronga. Wewe ukamwambia anitie na mimi mfukoni nikapimwe, kwani mawe yamenikuta nimeshaota ndevu. Nilicheka kwa ajili ya mgeni.

Kisha akauliza kama kilimani kuna makaburi. Ukamjibu kwamba hakuna, ni malisho ya mbuzi tu. Nilikuwa hatua mbili kutoka kwako. Mke wangu Verdiana amelala pale tangu mwaka 1989, na mwanao Osward, aliyeishi siku tisa, yupo ubavuni pake. Mapadre walinilea nisimwaibishe ndugu mbele ya mgeni, nikanyamaza. Mungu anisamehe ukimya ule.

Bwana Malale aliupenda mwandiko wangu, akanikabidhi kazi ya kuandika namba kwenye mifuko ya sampuli. Mifuko ikawekwa nyumbani kwako kusubiri treni. Jumapili, baada ya Misa, ulipompeleka kunywa bia, niliyatoa mawe yote ya kilima nikajaza kokoto za reli kutoka stesheni. Hizo ndizo zilizopimwa. Ndiyo maana jibu lilisema kilima hakina undugu wowote na dhahabu, na mashine ikapelekwa kwingine. Ulimwita mtaalamu mjinga. Si mjinga, alipima sawasawa kile alichopewa.

Yeye nimemwomba radhi. Padre aliyenisikiliza kwenye kitubio aliniagiza hivyo, nami juzi nimemwandikia yote, kosa langu pamoja na makaburi mawili. Akipenda kurudi, atarudi akijua anakanyaga wapi. Kwako wewe, Melkior, nimetafuta moyoni radhi ya kukuomba, sikuipata. Mawe halisi yamo ndani ya gunia uvunguni mwa kitanda chako. Umeyalalia tangu Juni.

Wasalimie majirani, nao wazee wa jumuiya uwape heshima zangu.

Barua hii anakuletea mkeo Skolastika, aliyekuja kupalilia makaburi Siku ya Marehemu. Kokoto aliziokota yeye, ndoo mbili. Ameniomba nisilifiche jina lake, na anataka uisome akiwa ameketi mbele yako.

Ni mimi kaka yako,
Felisiani